Usiku mmoja, projekta moja: niwaonyeshe vijana fainali ipi ya Klabu Bingwa Ulaya?

Kocha wa Mchangani

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 15 hapa Kihonda, Morogoro. Wapo 19. Wanaupenda mpira kuliko chakula, lakini mpira wanaoujua ni vipande vya sekunde 30 kwenye simu za kaka zao: chenga, bao, kushangilia, kinafuata kipande kingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa akatazama fainali ya zamani toka filimbi ya kwanza mpaka kombe linanyanyuliwa. Nimewauliza mmoja mmoja.

Jumamosi ya wiki ijayo nimepewa ukumbi wa shule kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, na kuna ndugu kaniazima projekta. Ni usiku mmoja tu. Nataka niwawekee fainali moja ya Klabu Bingwa Ulaya, nzima, bila kuruka dakika. Tangu ile ya kwanza ya Paris 1956 hadi ya Munich 2025 zimechezwa 70. Nimechekecha wiki nzima nimebaki na tatu: Glasgow 1960, Real Madrid 7-3 Eintracht Frankfurt, Barcelona 1999, Manchester United 2-1 Bayern Munich, na Istanbul 2005, Liverpool na AC Milan, 3-3 kisha penalti.

Siulizi ipi ina mabao matamu. Nauliza ipi itamfanya mtoto wa miaka 13, akija mazoezini Jumapili asubuhi, afanye kitu ambacho Ijumaa hakukifanya. Mwenye fainali nyingine aitaje, ila atoe na sababu.

Jogoo wa Mbagala

Kocha, weka Istanbul.

Mimi ni shabiki wa Liverpool, nalisema mapema ili lisije likaonekana nalificha. Tarehe 25 Mei 2005, saa za Istanbul na saa zetu zilikuwa sawasawa, mpira ukaanza saa 3:45 usiku. Kabla dakika ya kwanza haijatimia Maldini wa Milan kashafunga. Dakika ya 39 Crespo, dakika ya 44 Crespo tena. Lile la pili lake lilianzia kwa Kaká katikati ya uwanja: kageuka, kapiga pasi moja ndefu ya chini, mabeki wote wanaitazama inapita, Crespo anaubetua mpira juu ya kipa wetu Dudek. Kwenye kibanda umiza tulichokuwamo watu walianza kuinuka kwenye mabenchi mmoja mmoja, wanaaga.

Kipindi cha pili, dakika ya 54, Riise anapiga krosi, Gerrard anaunganisha kwa kichwa. Dakika ya 56 Šmicer anapiga shuti la mbali, wavuni. Halafu Gattuso anamwangusha Gerrard ndani ya boksi. Alonso anapiga penalti, Dida anapangua, Alonso mwenyewe anauwahi na kuukita juu kwenye nyavu. Dakika ya 60. Mabao matatu ndani ya dakika sita! Wale walioaga walirudi mbio, na mwenye banda akawatoza upya. Walilipa.

Mtoto aliyeona hivyo, siku timu yake ikifungwa tatu, atakumbuka.

Dada wa San Siro

Jogoo, umesimulia mabao, hujatusimulia mpira. Kama somo ni kutokata tamaa, watoto wanaambiwa hilo nyumbani na shuleni kila siku. Kocha anataka mtoto abadilike uwanjani, yaani miguu yake, macho yake, anaposimama.

Mimi ni Milan toka nikiwa binti mdogo, na Istanbul iliniliza mpaka asubuhi. Kwa hiyo sitaizungumzia leo. Nazungumzia Athens, 18 Mei 1994, Milan 4-0 Barcelona. Kocha, sielewi kwa nini haimo kwenye orodha yako.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Barcelona ya Cruyff ilikuwa imetwaa ubingwa wa Hispania siku nne tu nyuma. Mbele wana Romário na Stoichkov, wanaoanzisha mashambulizi ni Koeman na Guardiola. Milan wao mabeki wawili wa kati, Baresi na Costacurta, wote wanatumikia adhabu ya kadi. Van Basten majeruhi. Waliopewa nafasi ni Barcelona.

Capello, kocha wa Milan, akamtoa Maldini pembeni akamweka kati pamoja na Filippo Galli. Kushoto akampanga Panucci, kijana wa miaka 21. Desailly, ambaye Marseille walimtumia kama beki, akamsimamisha mbele ya mabeki. Sasa waambie vijana wako watazame jambo moja tu: Milan wakipoteza mpira wanafanya nini. Hawakimbilii golini kwao. Aliye karibu na mpira anaufuata, wa pili anaziba njia ya pasi, mstari wa nyuma unapanda. Guardiola kila akigeuka anakuta mtu. Timu iliyozoea kuuficha mpira ikawa inaupiga kwa haraka ili tu uwaondokee.

Massaro alifunga dakika ya 22. Muda wa mapumziko unakaribia, Donadoni akaambaa na mstari wa goli upande wa kushoto, akarudisha mpira nyuma, Massaro tena. Dakika mbili baada ya kurudi, Savićević akampora Nadal mpira upande wa kulia. Zubizarreta alikuwa kasogea hatua chache tu toka golini. Savićević hakusubiri, akaubetua palepale kutoka pembeni ya boksi, ukampita kipa juu na kushuka wavuni. Hilo bao mtoto atalijaribu Jumapili, naapa. La nne alifunga Desailly, kiungo mkabaji, kapenya kati na kuuzungusha mpira kona ya mbali.

Na kwa sababu watoto wetu hupenda kujua: Desailly alizaliwa Accra. Mwaka mmoja kabla alikuwa na Marseille walipoifunga Milan hiihii 1-0 kwenye fainali ya Munich, bao la kichwa la Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, kutokana na kona ya Abedi Pele. Desailly akabeba kombe miaka miwili mfululizo na klabu mbili tofauti.

Bavaria Tanga

Naunga mkono Athens, na naomba Kocha aiondoe 1999 kwenye orodha. Sisemi kwa uchungu tu, ingawa uchungu upo.

Watu wanaikumbuka Camp Nou ya 26 Mei 1999 kwa dakika tatu. Lakini wewe umesema mechi nzima bila kuruka. Basler alifunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 6, na toka hapo ulikuwa mchezo wa Bayern. United hawana Keane wala Scholes, wote wana adhabu. Beckham kahamishiwa kati, Giggs kapelekwa kulia, Blomqvist kushoto, na hakuna aliyetulia. Scholl akaubetua, ukagonga mwamba wa pembeni. Jancker akapiga tikitaka, mtambaa panya ukakataa. Mtoto akitazama dakika 85 za mechi hiyo atauona upande mmoja unacheza vizuri kuliko mwingine, halafu mwishoni aliyecheza vibaya anabeba kombe. Utamfafanulia vipi?

Kona ya kwanza ya Beckham, Schmeichel mwenyewe kapanda golini kwetu, Giggs kaupiga vibaya, Sheringham kauelekeza wavuni. Kona ya pili, Sheringham kichwa, Solskjær kanyoosha mguu. Basi.

Nilikuwa peke yangu shabiki wa Bayern nyumba nzima. Ninachokikumbuka si mabao, ni Samuel Kuffour. Kijana wa Kighana wa miaka 22, alikuwa anapiga nyasi kwa mkono, anainuka, anaanguka tena, mwamuzi Collina anajaribu kuwainua wachezaji ili mpira uanze, na muda umeshakwisha. Mdogo wangu, ambaye alikuwa United, aliacha kushangilia akawa anamwangalia yeye.

Mwana wa Mvita

Assalaam alaykum jamaa. Mie naandika toka Mombasa, na siwezi kupita bila kuitaja Madrid 2019, Liverpool na Tottenham.

Najua mtasema mechi ilikuwa mbovu, na kweli ilikuwa mbovu. Penalti dakika ya pili, Salah kafunga, kisha saa nzima na zaidi hakuna cha maana. Lakini dakika ya 87 aliyefunga bao la pili ni Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars. Na upande wa Tottenham benchini ameketi Victor Wanyama. Kakake, McDonald Mariga, alikuwa kikosini Inter walipobeba kombe hilo Madrid hiyohiyo mwaka 2010, kwa mabao mawili ya Milito dhidi ya Bayern. Ndugu wawili toka Nairobi, fainali mbili, mji mmoja. Sisi hatujapata kitu kama hicho tena.

Kwa hivyo kocha, usiwaonyeshe mechi yote, hapana. Waonyeshe lile bao la Origi kabla hujaanza, mguu wa kushoto, chini, kona ya mbali, kisha uwaambie babake alicheza Gor Mahia au wapi... ngoja, sitaki kuandika nisilolihakiki. Uwaambie babake alivaa jezi ya Kenya. Yatosha.

Kocha wa Mchangani

Mwana wa Mvita, hilo nimelichukua. Litakuwa la kufungulia.

Dada wa San Siro, Athens sikuiweka kwa sababu moja: niliogopa 4-0 itawachosha. Bao la nne liko dakika ya 58 na baada ya hapo mchezo umekwisha. Vijana wangu wakijua mshindi wanaanza kupigana makofi ya kichwani.

Bavaria, 1999 nimeitoa. Hoja yako ya mechi nzima imeniingia.

Mzee wa Redio

Vijana, shikamooni mtajibu wenyewe. Mimi ni mtu wa 1951, nitasema kwa kifupi kuhusu Glasgow na kwa kirefu kuhusu Lisbon.

Glasgow 1960 ni mechi kubwa. Watu 127,621 ndani ya Hampden Park, Eintracht waliotangulia kufunga, waliokuwa wamewatoa Rangers wa hapohapo Glasgow kwa jumla ya mabao 12-4 kwenye nusu fainali, kisha wanakutana na Di Stéfano aliyefunga matatu na Puskás aliyefunga manne. Ilikuwa fainali ya tano, na Real walikuwa wamebeba zote. Lakini kwa macho ya mtoto wa leo mabeki wa siku zile wako mbali mno na wachezaji wanaowakaba. Atadhani ilikuwa rahisi.

Lisbon, 25 Mei 1967, Celtic 2-1 Inter. Hiyo ndiyo ya timu ya mchangani.

Kikosi kizima cha Celtic kilizaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao, yaani kilomita 48 hivi. Hebu pimeni wenyewe: ni sawa na kutoka Morogoro mjini hata Chalinze hujafika. Vijana wa eneo moja, kocha wao Jock Stein, wanakwenda kukutana na Inter ya Helenio Herrera iliyobeba kombe hilo 1964 na 1965, timu iliyojulikana dunia nzima kwa kufunga mlango. Dakika ya 7 Mazzola anafunga penalti. Kwa Inter, bao moja lilitosha. Walikuwa wanakaa nalo mpaka jua linazama.

Celtic wakashambulia. Auld kagonga mtambaa panya, Gemmell kagonga pia, kipa Sarti anadaka kila kinachokuja. Hawakubadili, hawakuanza kupiga mipira mirefu ya kukata tamaa. Dakika ya 63 Gemmell, beki wa kushoto, akapanda na kuukandamiza toka nje ya boksi. Dakika ya 84 Murdoch akapiga shuti, Chalmers akaligusa njiani, bao. Klabu ya kwanza ya Uingereza kubeba kombe hilo, tena ni Waskoti.

Beki wa pembeni anayepanda mpaka nje ya boksi mwaka 1967, dhidi ya Waitaliano! Kocha, una beki wa pembeni anayeogopa kuvuka nusu? Mwonyeshe Gemmell.

Mwana Katanga

Jambo kwenu wote, mie niko Lubumbashi. Mzee kasema vizuri, ila ninyi nyote mmeiruka Amsterdam 1962, Benfica 5-3 Real Madrid.

Puskás alifunga matatu kipindi cha kwanza peke yake, na bado akapoteza. Kwa nini? Kwa sababu Benfica walikuwa na Coluna na Eusébio. Coluna wa Inhaca, Eusébio wa Lourenço Marques inayoitwa leo Maputo. Golini Costa Pereira, mzaliwa wa Nacala. Nahodha José Águas alizaliwa Luanda, Angola. Wareno walikuwa bado wanatawala nchi hizo, na kombe la Ulaya likabebwa na watu waliojifunza mpira kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Coluna alisawazisha kuwa 3-3, kisha Eusébio, miaka 20, akapiga mawili ndani ya dakika tano hivi.

Na mwingine wetu: Rabah Madjer wa Algeria, Vienna 1987, Porto dhidi ya Bayern. Mpira uko nyuma ya mguu, goli liko mgongoni, akausukuma kwa kisigino. 1-1. Muda mfupi baadaye akatoa krosi, Juary akafunga la pili. Bavaria Tanga anisamehe.

Bavaria Tanga

Nimekusamehe. Hiyo ya Madjer hata mimi huirudia.

Blue wa Kigamboni

Munich 2012 mbona hamuitaji? Chelsea wanacheza na Bayern kwenye uwanja wa Bayern wenyewe, bila Terry, Ivanović, Ramires wala Meireles. Bayern wamepiga kona 20, sisi tumepata moja. Moja tu! Mata kaipiga, Drogba kichwa, dakika ya 88, dakika tano baada ya Müller kufunga. Muda wa ziada Čech kadaka penalti ya Robben. Kwenye mikwaju Mata kakosa wa kwanza, bado tumeshinda, na mpigaji wa mwisho ni Drogba.

Dada wa San Siro

Blue, nakuheshimu, ila mtoto wa miaka 13 akifundishwa kuanza na kupaki basi atajifunza kuuogopa mpira. Kujilinda vile ni kazi ya watu wazima waliokwisha kujua kucheza. Drogba mwenyewe alikuwa na miaka 34.

Blue wa Kigamboni

Nakubali kwa umri wao. Ila ile kona moja wapaswa kuiona. Mtoto mvivu wa kuruka golini haelewi kwamba nafasi yaweza kuja mara moja tu.

Mzee wa Redio

Kocha, kuna jambo si la kuonyesha, ila ulijue unapowakusanya watoto ukumbini. Tarehe 29 Mei 1985, uwanja wa Heysel, Brussels, Juventus na Liverpool. Kabla mpira haujaanza mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa upande wa pili kwenye sehemu iliyoitwa Z. Watu wakakimbia, wakabanwa ukutani, ukuta ukaporomoka. Walikufa 39, wengi wao Waitaliano. Mechi ikachezwa hivyohivyo na Platini akafunga penalti. Klabu za England zikafungiwa miaka mitano.

Nilikuwa na miaka 34 na mpaka leo sijaweza kuihesabu ile kama fainali. Fungua milango yote ya ukumbi, usikubali mtoto wa mtu asimame nyuma ya mlango uliofungwa.

Kocha wa Mchangani

Asante Mzee. Ukumbi una milango miwili, na nimeshaomba funguo zote mbili.

Sasa nimebaki na Lisbon 1967, Athens 1994 na Istanbul 2005. Naielekea Istanbul kwa sababu vijana wote wamezaliwa 2011 kwenda mbele na hawajui matokeo. Nimewachunguza kwa ujanja. Mmoja kasema Istanbul ni jina la mgahawa wa shawarma. Hofu yangu ni alichosema Dada: nitawapa hadithi, sitawapa mpira.

Dada wa San Siro

Kama ni Istanbul basi iweke, lakini usiiweke kama Jogoo alivyoisimulia. Nitakusaidia, ingawa inaniuma.

Kipindi cha kwanza Milan hawakushinda kwa bahati. Kaká alikuwa anasimama katikati ya viungo na mabeki wa Liverpool, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kumshika. Alonso na Gerrard walikuwa mbele yake, mabeki nyuma yake. Kila pasi nzuri ilipitia mahali hapo.

Mapumziko Benítez, kocha wa Liverpool, alimtoa beki wa kulia, Finnan, akamwingiza Dietmar Hamann. Timu ikabaki na mabeki watatu, Hamann akakaa pale Kaká alipokuwa anatembelea, na Gerrard akaachiwa apande. Kwa hiyo bao la kichwa la Gerrard lilitokana na Hamann, ingawa Hamann hayumo kwenye picha ya bao. Baadaye Serginho alipoingia na kuanza kutusaidia upande wa kushoto, Gerrard huyohuyo akapelekwa kucheza beki wa kulia, kachoka, nahodha, na akakubali.

Sasa fanya hivi: filimbi ya mapumziko ikilia, zima projekta, washa taa. Usiwaambie chochote. Waulize: ninyi ni makocha, mmefungwa tatu, mnabadilisha nini?

Jogoo wa Mbagala

Dada, hapo nimevua kofia. Miaka yote hii nimekuwa nikimtaja Gerrard na Dudek, Hamann simtaji.

Na wakifika kwenye penalti, Kocha, waambie wamtazame Dudek anavyocheza na miguu kwenye mstari. Carragher alimkumbusha habari za Bruce Grobbelaar, kipa wa Zimbabwe, aliyefanya miguu yake ilegee kama tambi mwaka 1984 Roma, Liverpool walipowafunga Roma kwenye uwanja wao. Conti na Graziani walipaisha. Miaka 21 baadaye Dudek akafanya vilevile na akadaka za Serginho, Pirlo na Shevchenko.

Bavaria Tanga

Rekebisho dogo: Serginho alipaisha juu. Alizopangua Dudek ni za Pirlo na Shevchenko. Riise naye alikosa upande wenu. Mikwaju iliisha 3-2.

Jogoo wa Mbagala

Kweli, nimechanganya. Asante.

Kocha wa Mchangani

Wakuu, naleta ripoti. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa narudisha projekta.

Walikuja 17 na wadogo zao kama kumi. Tulianza saa 12 na robo. Bao la Origi kwanza, kama Mwana wa Mvita alivyoagiza, kisha Istanbul. Maldini alipofunga ukumbi ulipiga kelele, nusu yao wakachagua Milan palepale. Kwenye bao la tatu kukawa kimya. Nilimwona kipa wangu wa akiba kavuta shati mpaka machoni.

Filimbi ikalia, nikawasha taa, nikauliza swali la Dada. Wa kwanza kujibu ni mshambuliaji wetu: "Toa mabeki wawili, weka washambuliaji." Wengine wakaitikia. Wa pili akataka kipa abadilishwe. Wakabishana kama dakika nane, mimi naandika tu ubaoni kwa chaki kila wanachosema.

Halafu kuna mmoja ambaye hucheza namba 6. Mfupi, mpole, mazoezini humsikii. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na waya wa projekta. Akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akasema: "Kocha, yule namba 22 mweupe hana mtu." Nikamwuliza, kwa hiyo? Akasema, "Mmoja akae naye. Halafu namba 8 aende mbele."

Namba 22 ni Kaká. Namba 8 ni Gerrard.

Sikumjibu. Nikazima taa, nikawasha mechi. Hamann akaingia. Dakika tano hivi watoto hawakuelewa, kisha mmoja akasema kwa sauti, "Si huyo anakaa na 22?" Vichwa vyote vikageuka gizani kumtazama yule mfupi. Gerrard alipofunga kwa kichwa hawakumkimbilia Gerrard ukutani, walimrukia yeye. Waya ukachomoka, tukapoteza kama dakika moja ya picha, nikairudisha nyuma ili nisivunje ahadi yangu ya mechi nzima.

Shevchenko alipopiga mara mbili hatua chache toka golini na Dudek akazuia zote mbili, kipa wa akiba alisimama na hakukaa tena mpaka mwisho. Tumemaliza saa 3 kasoro dakika sita. Milango yote miwili ilikuwa wazi, Mzee.

Jumapili asubuhi tulicheza wao kwa wao. Timu ya vizibao vya njano ilifungwa mbili za haraka, zote zikitoka kwa kijana mmoja mwenye pasi nzuri. Sikusema kitu. Yule namba 6 akatoka mahali pake, akatembea mpaka kwa yule mwenye pasi, akasimama naye bega kwa bega. Akamnyooshea mkono kiungo mwenzake apande mbele.

Dada wa San Siro

Kocha, nimeisoma mara tatu. Na wale waliochagua Milan walisemaje?

Kocha wa Mchangani

Wawili walilia. Mmoja kaniuliza njiani kama Milan waliwahi kulipiza. Nikamwambia ndiyo, miaka miwili baadaye, timu zilezile, 2-1, Inzaghi kafunga yote mawili. Akauliza wapi. Nikamwambia Athens, uwanja uleule wa 1994. Sasa anataka kuziona zote mbili, na ndugu mwenye projekta kasema Desemba shule zikifungwa nimpigie.